Karani wa Msimu

Mkataba ni ukurasa mmoja na nusu.
Siku themanini, tangu soko la kwanza hapa Usoke.
Bima hakuna. Kofia ya jua ni juu yako.
Nikatia saini kwa kalamu ileile
iliyomaliza mtihani wangu wa takwimu.

Mama akiulizwa bombani, hujibu,
"Anapumzisha kichwa. Oktoba anarudi chuoni,
shahada ya pili."
Hasemi kwamba ada haijatimia.
Hasemi kwamba kichwa hicho kinachopumzika
huamka saa kumi na moja alfajiri,
kikajifunga leso puani,
kikaenda kuhesabu marobota.

Tumbaku haikai ghalani peke yake.
Imo katika nywele, imo katika wali,
imo katika barua ya chuo niliyoikunja mara nne;
nikiikunjua napiga chafya
kabla sijafika "Tunafurahi kukujulisha."

Mteuzi anapita. Anachomoa jani, analinusa,
anataja herufi na tarakimu
kama mwalimu anayeita mahudhurio.
Naandika. Kijana wa mizani anataja kilo.
Naandika.
Mwaka mzima wa mtu, tangu kitalu hadi bani,
kuni, mvua ya mawe, watoto waliokosa shule wakifunga majani,
unaingia katika mstari mmoja wa daftari
na nafasi inabaki.

Siku ya arobaini na nne,
Bi Nzitwa Kasubi akasimama mbele ya meza yangu.
"Wewe uliyesoma. Nyumbani nimelipima kwa mizani ya mpunga,
hapa limepungua. Limekonda njiani?"
Watu wakacheka. Na mimi nilicheka,
kidogo, kwa adabu ya ofisi.
Usiku kicheko kile kikanikalia kooni
kama punje ya ulezi.

Nilifundishwa makosa ni ya aina mbili:
yanayotawanyika huku na huku, ukijumlisha yakafutana,
na yanayoegemea upande mmoja.
Hayo ya pili hayafutiki hata ukipima maisha yako yote.
Nilipata alama nzuri katika swali hilo.
Sikuulizwa hasara ni ya nani.

Msimamizi, Ntabaye, si mtu mbaya.
Alinimiminia chai, akashusha sauti.
"Msimu unakwisha, dada. Na wewe ni wa kupita.
Mambo ya mizani waachie wanaobaki."
Chai ilikuwa na tangawizi. Niliimaliza yote.
Kweli, mimi ni wa kupita:
kitanda cha kuazima, ndoo ya kuazima,
hata jina langu kwenye orodha ya malipo
limeandikwa kwa penseli.

Asubuhi nikapita dukani kwa Lugendo,
nikakopa mfuko wa saruji, kilo hamsini, haujafunguliwa.
Nikaukokota na mkokoteni hadi sokoni,
nikamwomba kijana aupandishe.
Sikuhutubia. Sikuinua hata daftari.
Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia:
arobaini na tisa na nusu.

Ukimya ule niliusikia masikioni kama honi ya treni.
Kisha Bi Nzitwa, taratibu, bila kucheka:
"Kumbe na saruji hukonda."

Fundi alitoka Tabora mjini siku ya tatu.
Siku ya sitini na tisa Ntabaye akaniita,
akafuta jina langu kwa ufutio, akapuliza vumbi lake.
Nusu kilo kwa kila robota, marobota mia mbili kila soko:
hesabu hiyo ninaijua.
Siku kumi na moja za mshahara wangu pia ninazijua.
Sijaziweka sahani moja.
Naogopa mshale.

Sasa nimekaa stesheni na fomu ya chuo magotini.
Wameacha mstari mmoja: *Uzoefu wa kazi.*
Karanga za Bi Nzitwa zimo mkobani, bado zina udongo.
Nimeandika "Karani", nikafuta.
Nimeandika "Nusu kilo",
na treni imechelewa,
na nafasi inabaki.